Msumeno wa Mivuleni

Inspekta Feruzi alifika msibani saa tatu asubuhi, siku ya pili baada ya maziko, na kilichomshika macho hakikuwa watu bali kuni.

Zilikuwa zimerundikwa nje ya ua wa marehemu Radjabu, katika mtaa wa chini wa Rumonge, kule ambako nyumba zinakaribia kuingia ziwani. Vilikuwa vipande vinene vilivyopasuliwa jana au juzi, vya manjano inayoelekea kahawia, na kwenye maganda yake utomvu mweupe ulikuwa haujakauka. Wanawake watatu waliinamia mafiga wakipuliza na kukohoa, machozi yakiwatoka, na moto haukutaka kuwaka. Feruzi alikuwa mwana wa seremala wa Buyenzi, kule Bujumbura. Alikulia ndani ya vumbi la mbao. Aliokota kipande kimoja, akakinusa. Mvule. Mbao ya milango na vitanda. Hakuna mtu mwenye akili zake anayepikia mvule.

Alikuwa ametoka Bujumbura alfajiri, ndani ya lori la mawese lililokuwa likirudi tupu. Mfukoni alikuwa na ripoti ya nusu ukurasa, iliyotiwa sahihi na burugumesta, mkuu wa komini ya mji huo, Bwana Ndabaneze. Ripoti ilisema hivi: Jumamosi asubuhi mchoma makaa aitwaye Amisi alikata mti kwa shoka, bila ruhusa, katika msitu mdogo wa Mivuleni. Mti ukamwangukia kifuani mlinzi wa msitu, Radjabu, mwenye miaka hamsini na minane, akafa papo hapo. Mkosaji amekamatwa. Mkuu wa Feruzi alikuwa amempa karatasi ile bila hata kuketi. "Nenda ukafunge tu hilo faili," alimwambia. Ilikuwa Agosti 1963, uhuru ulikuwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja, na mafaili yalikuwa mengi kuliko wapelelezi.

Mjane, Mwanvua, alikuwa amekaa mkekani, mlangoni pa chumba. Feruzi alivua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa. Murakoze."

"Nani ameleta kuni hizi?"

"Burugumesta. Ameleta kuni, muchele, na mbuzi moja. Alikuja yeye mwenyewe jana. Alisimama pale, akasema Radjabu alikuwa baba wa mji muzima. Akalia."

"Akalia kweli?"

"Alikuwa na leso."

Feruzi aligeuza kile kipande cha kuni mkononi. "Mama, mume wako alitoka nyumbani saa ngapi siku ile?"

"Alikuwa hajamaliza kuswali alfajiri. Tulisikia sauti kutoka Mivuleni. Akatoa salamu, hakukaa hata kwa dua, akachukua fimbo yake akaenda."

"Sauti ya shoka?"

Mwanvua alimtazama kama anayemshangaa mtu mzima asiyejua kitu cha kawaida. "Shoka inagonga. Ile ilikuwa inakoroma. Inavuta, inarudi, inavuta, inarudi. Ni musumeno. Nimezaliwa na wachonga mitumbwi, bwana inspekta, naweza kukosea sauti ya musumeno?"

"Burugumesta alikuuliza habari hiyo?"

"Hakuna mutu aliniuliza kitu."

Feruzi aliandika. Alipoinua kichwa alimkuta mjane anakitazama kile kipande cha kuni alichokishika, kisha anatazama rundo lililo nje, kisha sufuria. Hakuwa amemwambia lolote. Hapakuwa na haja. Mji wote wa Rumonge ulikuwa na mivule mahali pamoja tu, na Jumamosi ile ulianguka mmoja tu.

Mwanvua aliinuka taratibu, akachota maji mtungini kwa kata, akaenda kuyamwaga katikati ya mafiga. Majivu yaliruka hadi kwenye magoti yake. Akachota tena, akamwaga tena.

"Dada!" alilalamika mmoja wa wapishi. "Wageni watakula nini?"

"Watafunga," alisema Mwanvua. "Mutoe takataka hii mbele ya nyumba yangu."

"Isitupwe, mama," alisema Feruzi. "Nitaihitaji. Yote."

Mwili ulikuwa umezikwa siku ile ile ya kifo, kama dini inavyotaka, na hakuna daktari aliyeuona. Lakini aliyeuosha aliuona. Huyo alikuwa Hadji, fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na soko, mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuacha kushona Feruzi alipojitambulisha. Alimalizia kwanza pindo la suruali.

"Nilikuwa nangoja mutu aje," alisema. "Nikadhani hawatatuma."

"Kifua chake kilikuwaje?"

"Kifua cha mutu aliyelala. Nilipitisha mukono ubavu kwa ubavu. Hakuna hata mumoja uliovunjika. Muti wa ukubwa ule ukuangukie kifuani, bwana, tungekuzika ndani ya bakuli."

"Alikufa na nini, basi?"

Hadji aliinama, akaweka kidole kwenye kisogo chake mwenyewe, juu kidogo ya shingo. "Hapa. Shimo lenye pembe. Pembe ine. Nimepima nguo za watu maisha yangu yote, najua duara na najua pembe. Muti gani uko na pembe ine?"

"Kitu kingine?"

"Unga wa mbao. Kwenye nywele, kwenye shingo, mupaka ndani ya kanzu, mugongoni. Ulikuwa umegandana na damu. Nilibadilisha maji mara tatu."

"Ulimwambia nani?"

"Burugumesta. Alikuwa mulangoni wakati tunamutoa. Aliniambia mimi ni fundi wa nguo, nishone nguo." Hadji alikanyaga pedali, cherehani ikalia, akaisimamisha tena. "Halafu akabeba jeneza. Bega la mbele. Watu wakasema, angalia burugumesta wetu, hana makuu."

Mivuleni palikuwa mwendo wa dakika tano. Kilikuwa kipande kirefu cha ardhi kati ya mtaa wa chini na ziwa, pale kijito kinapomwaga maji. Ndani yake mivule arobaini ilikuwa imesimama, na mmoja ulikuwa umelala. Maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda miaka miwili mfululizo. Mawe waliyokuwa wakianikia dagaa sasa yalionekana chini ya maji kama sahani zilizozama. Mahali pengine pa pwani ile ukingo ulikuwa umemegeka. Hapa haukumegeka, kwa sababu mizizi ya mivule ilikuwa imeushika kama vidole. Nyuma ya miti ile kulikuwa na nyumba sitini za watu.

Feruzi alianza na kisiki. Shoka huacha ngazi na vibanzi. Kisiki hiki kilikuwa laini kama meza, isipokuwa mchirizi mmoja mwembamba uliokuwa ukijirudia kila upana wa kidole, kana kwamba kuna jino la msumeno lililokuwa linakosekana zamu yake. Alipiga magoti, akautafuta ule mchirizi hadi ulipoanza. Karibu na moyo wa mti kitu kiling'aa. Alikichokoa kwa ncha ya kisu dakika kumi nzima. Kilikuwa kipande cha chuma chenye pembe tatu, kidogo kuliko ukucha. Alikifunga ndani ya karatasi, akaandika saa na mahali.

Halafu alipiga hatua. Kutoka kisikini hadi kwenye matawi, mahali ambapo ripoti ilisema maiti ilikutwa, zilikuwa hatua ishirini na sita. Huko majani yalikuwa yamelala lakini hapakuwa na tone la damu, wala unga wa mbao. Unga wote ulikuwa kisikini. Aliufukua kwa mkono. Chini yake mchanga ulikuwa mweusi, umegandamana. Mtu alikuwa ameusogeza unga kwa kiatu ili kufunika. Na kutoka hapo, kwenye mchanga laini ambao nyayo za watu hazikuufikia, mistari miwili sambamba ilielekea kwenye matawi: visigino vya mtu aliyeburutwa.

Aliposimama kukung'uta magoti ndipo alipoona chokaa. Mvule uliokuwa mbele yake ulikuwa na alama ya msalaba mweupe, usawa wa kifua. Na uliofuata. Aliitembelea yote, mmoja mmoja, hadi ukingoni. Miti arobaini, misalaba arobaini. Mchoma makaa mmoja mwenye shoka angehitaji miezi mitatu.

Burugumesta Ndabaneze alimpokea ofisini, ndani ya jengo la komini. Alikuwa anakula. Mezani, juu ya barua zisizofunguliwa, kulikuwa na sahani ya samaki wa mukeke wa kukaanga na ugali wa muhogo. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya kanisani, na vidole vyake vilimeremeta mawese.

"Karibu, karibu, inspekta! Amahoro! Umekula? Wote tuna huzuni. Radjabu alikuwa rafiki yangu." Alifyonza mwiba, akauweka pembeni mwa sahani. "Mtu mdogo, lakini mwaminifu. Nimesema tutatafuta barabara tuiite jina lake."

"Barabara ipi?"

"Zitakuwepo nyingi. Mji unakua. Wazungu walituachia mji wa kukaa na kutazama ziwa. Sisi tunataka mji wa watu." Akakamata kichwa cha samaki, akakivunja mara mbili, akanyonya jicho. "Huyo Amisi yuko kwenye kasho. Andika unachotaka, atatia kidole. Lori la mawese linarudi Bujumbura saa nane. Unaweza kulala kwako."

"Kwa nini mivule yote imepigwa chokaa?"

Taya la burugumesta lilisimama, kisha likaendelea. "Usafi. Tunahesabu miti yetu."

Feruzi alitazama uti wa samaki, safi, mweupe, umelala juu ya barua za wananchi. Alikataa chai.

Kasho, mahabusu ya komini, lilikuwa chumba cha matofali nyuma ya komini, dirisha lake halizidi kitabu. Amisi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amekaa kwa visigino, mikono ameificha kwapani.

"Nionyeshe viganja," alisema Feruzi.

Amisi alisita, kisha akavitoa. Vilikuwa viganja vya mtu wa shoka, vigumu kama ngozi ya ngoma. Lakini katikati ya kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, kulikuwa na malengelenge mapya yaliyopasuka.

"Shoka imekufanya hivi?"

"Ndiyo, bwana."

"Umekata kwa shoka miaka mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Na miaka kumi na mbili haikukutoa lengelenge hapo. Hapo hapashiki mpini wa shoka, Amisi. Hapo panashika mpini uliosimama. Mpini wa msumeno wa watu wawili." Feruzi alichuchumaa usawa wake. "Nani alikuwa upande wa pili?"

Amisi alirudisha mikono kwapani. "Niko na watoto wane," alisema, na baada ya hapo hakusema tena.

Mwenye kusema alikuwa nje. Bora, karani wa komini, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai siku zote, hata siku za joto, na kazi yake ilikuwa kutunza plani ya mji. Aliungoja muda wa adhuhuri, burugumesta alipokwenda kupumzika nyumbani, akamwita Feruzi kwa kichwa ndani ya chumba cha makaratasi na kufunga mlango.

"Sitasema nje ya chumba hiki," alisema.

"Utasema mbele ya hakimu?"

"Nikiitwa kwa karatasi. Nikiitwa kwa karatasi nitasema, maana hapo nitakuwa nimelazimishwa."

Alitandaza plani juu ya meza. Ilichorwa miaka minane iliyopita. Nyumba zilikuwa na rangi ya udongo, soko bluu, na kando ya ziwa kulikuwa na mkanda wa kijani: Mivuleni. Lakini juu ya kijani mtu alikuwa amepiga mistari ya penseli, akaugawa mkanda ule vipande kumi, na ndani ya kila kipande aliandika herufi mbili.

"Wajumbe wa baraza la komini wako tisa, burugumesta akiwemo," alisema Bora. "Hizi ni herufi za majina yao."

"Wote tisa?"

"Wote. Yule wa chama hiki na yule wa chama kile. Kwenye mikutano hawapeani mikono. Hapa wamekaa jirani, kiwanja kwa kiwanja, hakuna hata ukuta." Karani alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Nimewaandikia mikutano miezi kumi na tatu, bwana. Hiki ndicho kitu cha kwanza walichokubaliana."

"Na hiki cha kumi? Kimefutwa."

"Hicho walimpa Radjabu. Wiki mbili zilizopita, hapa hapa, nikiwepo. Anyamaze, apate kiwanja. Aliuliza kama yeye ni mutu wa kuuziwa kivuli chake mwenyewe. Akatoka bila kuaga."

"Kwa nini wakate miti? Wana kura zote za baraza. Wangebadilisha plani tu."

Bora alivuta kijitabu cha kanuni za mji, akakifungua pasipo kutafuta. Ukurasa ulikuwa umezoea kufunguliwa. Alisoma kwa kidole: "'Eneo la kijani halitapimwa viwanja maadamu lina miti.' Baraza haliwezi, hata likipiga kura mara mia. Lakini ikiwa miti imeisha, tume ya Bujumbura inakuja, inaona, inafuta kijani. Tume inakuja keshokutwa, Jumatano." Akafunga kijitabu. "Maadamu. Ni neno hilo moja lilimuua muzee."

"Walitaka kukata mivule arobaini na moja kwa siku nne?"

"Walianza na mumoja Jumamosi, waone kama watu watapiga kelele. Mutu alipokufa wakasimama. Sasa wamekodi wakata miti kutoka Muhuta, watu ishirini. Wanaingia leo saa kumi."

Feruzi aliikunja plani. Hapo zamani, kabla ya uhuru, baba yake alikuwa amenyimwa kiwanja cha karakana na mzungu mmoja aliyemwambia kuwa mahali hapo ni pa kijani. Julai ile ya uhuru mzee alicheza barabarani kwa viatu vipya. Feruzi aliyakumbuka hayo kwa muda wa kukunja karatasi mara mbili, kisha akaomba ufunguo wa ghala la vifaa.

Ghala lilikuwa na vumbi la kipimo kimoja kila mahali: kwenye mapipa, kwenye mapanga, kwenye kikokoteni kisicho na gurudumu. Msumeno mrefu wa watu wawili peke yake ulikuwa safi. Ulikuwa umesuguliwa na kupakwa mawese kama ndama aliyezaliwa. Feruzi aliuteremsha ukutani, akapitisha kidole kwenye meno. Katikati palikuwa na pengo. Alifungua karatasi yake, akakiweka kile kipande cha chuma mahali pake, kikakaa.

"Ule musumeno ni wa komini," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Aruna, kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa komini na vifaa vyao, mtu mkubwa wa mabega aliyesimama mlangoni akizuia mwanga.

"Najua ni wa komini. Na nyundo ya kupigia kabari iko wapi? Ile yenye kichwa cha pembe nne."

"Imepotea."

"Tangu lini?"

"Tangu... zamani."

"Aruna, ukutani pana alama yake. Vumbi limezunguka umbo la nyundo, ndani pamebaki peupe. Haijafika hata siku nne." Feruzi aliketi juu ya pipa, akatoa daftari. "Amisi ameniambia mnashika msumeno wawili. Ameniambia kwa mikono yake. Sasa naandika jina la aliyempiga Radjabu, na majina yaliyopo ni mawili tu, lako na lake. Yeye ana watoto wanne na yuko ndani tayari. Unataka niandike lipi?"

Aruna alitazama nje, uani, kama anayetafuta mtu wa kumjibia. Hapakuwa na mtu. Mabega yake makubwa yalishuka.

"Tulikuwa watatu," alisema.

"Wa tatu nani?"

"Burugumesta. Alikuja na gari. Hakutaka kushuka, kwa sababu ya umande, viatu. Akashusha kioo tu. Mi nilishika huku, Amisi akashika huku. Tulipokuwa karibu kumaliza muzee akaja na fimbo. Akatupa fimbo, akashika mupini wa musumeno, akakataa kuachia. Tulivuta, naye anavutwa. Burugumesta akasema, 'Mutoe.'"

"Akasema nini?"

"'Mutoe.' Mi nilimutoa."

"Kwa nyundo."

"Alisema nimutoe," alirudia Aruna, kana kwamba neno lile lilikuwa na maana moja tu. "Alipolala tukamaliza muti, ukaanguka. Burugumesta akasema tumuweke chini ya matawi. Halafu akasema Amisi akubali kosa, akae ndani siku chache tu, atapata ruhusa ya makaa ya miti yote."

"Nyundo?"

"Ziwani. Naweza kuonyesha mahali."

Feruzi aliandika neno kwa neno, akamsomea, Aruna akatia sahihi. Kisha alikwenda kasho, akamsomea Amisi mstari wa kwanza tu, "Tulikuwa watatu," na Amisi akalia, akasema yaliyobaki mwenyewe, hadi habari ya kioo cha gari na viatu. Maelezo mawili, vinywa viwili, jambo moja. Aruna aliingia kasho mahali pa Amisi, na Amisi akahamishiwa chumba cha pili.

Kwa burugumesta ilikuwa kazi nyingine. Kumkamata kiongozi wa komini kulitaka kibali cha mwendesha mashtaka wa Bujumbura. Simu ya komini ilikuwa mezani pa burugumesta mwenyewe. Barua ingerudi Ijumaa. Tume ingefika Jumatano. Na watu ishirini wa Muhuta walikuwa wakiingia saa kumi. Saa ya Feruzi ilisema saa tisa na robo.

Alikwenda dukani, akanunua kamba ya katani bunda zima na vijiti vitano vya lakiri nyekundu.

Saa kumi kamili watu wa Muhuta walikuta mivule ya Mivuleni imefungwa kamba, shina hadi shina, kutoka kijitoni hadi mwisho, na kila fundo limetiwa lakiri na muhuri wa polisi. Walisimama na mashoka begani, hawajui la kufanya. Mtaa wote wa chini ulikuwa umetoka kutazama. Hadji fundi alikuwepo na uzi wake shingoni. Mwanvua alikuwepo, amejifunika kanga nyeusi, na ingawa yuko eda hakuna aliyethubutu kumwambia arudi ndani.

Gari la burugumesta lilikuja kwa kasi, likasimama. Safari hii alishuka.

"Nini hii?"

"Hapa ni mahali pa mauaji," alisema Feruzi. "Pamefungwa kwa sheria. Hakuna kukata, kusogeza wala kugusa kitu mpaka hakimu atoe amri."

"Miti yote? Aliyekufa alikufa kwenye mti mmoja!"

"Misalaba ya chokaa iko kwenye yote. Msalaba ni ushahidi. Siwezi kuuhamisha bila kuhamisha mti."

Ndabaneze alitabasamu. Alimshika Feruzi mkono, akamvuta kando, karibu na maji. Kutoka kinywani mwake harufu ya samaki wa mchana ilikuwa bado inasikika.

"Wewe ni mtoto wa Buyenzi," alisema kwa sauti ya chini. "Najua mnavyoishi kule, kumi ndani ya nyumba moja. Tusikilizane kama watu wa nchi moja. Kiwanja cha kumi kiko wazi. Kinatazama ziwa."

"Kile cha Radjabu."

"Hakikuwahi kuwa chake. Alikikataa."

Feruzi alitoa daftari, akaandika, midomo ikimcheza kila neno, kisha akaligeuza. "Nimeandika hivi: 'Amenipa kiwanja cha kumi, saa kumi na dakika kumi na tano, mbele ya ziwa.' Nimekosea herufi?"

Tabasamu liliondoka. Uso uliobaki chini yake ulikuwa mtupu, uso wa mtu anayengoja tu uondoke ili aendelee kula.

"Huwezi kunikamata," alisema burugumesta.

"Leo siwezi. Nimeandika barua, itajibiwa." Feruzi alitoa karatasi mbili zenye kaboni kati yake, akapaza sauti ili mtaa usikie. "Kuna kazi moja imebaki. Sheria inataka kila mahali palipofungwa pawekewe mlinzi, atajwe kwa jina. Kamba ikikatika, lakiri ikivunjika, au mti mmoja ukianguka, mlinzi anaingia ndani siku hiyo hiyo, bila kibali cha mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo. Nimeangalia nani anafaa. Nimemchagua Bwana Ndabaneze, burugumesta wa komini."

Mmoja wa watu wa Muhuta alishusha shoka chini polepole.

"Sitii sahihi," alisema Ndabaneze.

"Mashahidi wapo mia na zaidi. Kukataa ulinzi wa sheria nako kuna adhabu yake, na adhabu hiyo pia haihitaji kibali. Chagua."

Burugumesta aliwatazama watu. Alikuwa amewahutubia mara nyingi, aliwajua wakipiga makofi na wakilia. Hakuwa amewahi kuwaona wakimtazama tu. Alichukua kalamu. Mkono uliopakaa mawese uliacha alama ya kidole kwenye karatasi zote mbili. Feruzi alichana kaboni, akampa nakala yake.

"Mnatazama nini?" Ndabaneze aliwafokea watu wa Muhuta. "Rudini kwenu!"

Waliondoka, mashoka begani. Yeye alibaki amesimama na karatasi, viatu vyake vikizama mchangani taratibu pale maji yalipofika.

Mwanvua alipita katikati ya watu hadi mbele yake. Alimtazama kuanzia viatu hadi kola.

"Marehemu alikuwa anafika hapa kabla jua halijachomoza," alimwambia. "Usichelewe."